Uzi: Niambie, lakini usinishike mkono

1.
Nimetoka zamu, chai ya tangawizi iko mkononi, na baridi ya Lushoto mwezi huu wa saba mnaijua wenyewe, inapenya mpaka ndani ya soksi. Mmezoea niwaandikie kuhusu presha, sukari na kwa nini kitovu cha mtoto hakipakwi majivu. Leo naomba tuongee kuhusu kompyuta ya wodini. Usikimbie. Kuna mgonjwa ndani ya uzi huu, na angeweza kuwa dada yako.

2.
Hali hii unaijua. Uko kwenye kompyuta unaandika, mara pap! kisanduku kinachomoza katikati ya skrini. Kina sentensi moja na kitufe kimoja: OK. Usipobonyeza, hufanyi kitu kingine. Huandiki, hufungui faili jingine, hata kushuka chini usome ulichokuwa unasoma huwezi. Programu nzima imesimama, inakusubiri wewe.

Msimamo wangu nausema mapema, ili asiyependa uzi mrefu aondoke nao. Vingi vya visanduku hivyo havina haki ya kutusimamisha. Programu inaweza kutuambia jambo huku kazi inaendelea. Kusimamisha kuwekewe akiba, kwa yale machache yanayoweza kuua.

3.
Sasa kisa. Sitataja hospitali, sitataja mfumo, na mambo ya mgonjwa nimeyabadilisha asitambulike. Ni miaka kadhaa imepita.

Ilikuwa zamu ya usiku, tuko wawili wodi nzima. Akaletwa mama kutoka vijiji vya juu huko, uchungu umekwama, mapigo ya mtoto hayaridhishi. Daktari akaamua apasuliwe, akaandika kwenye mfumo apewe sindano ya ampisilini kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Nikakimbilia kompyuta kuangalia maagizo.

Kisanduku cha kwanza: printa haipatikani. OK.
Cha pili: taarifa za bima hazijasasishwa. OK.
Cha tatu: nenosiri lako litaisha baada ya siku 9. OK.
Cha nne: OK.

Vyote kwa Kiingereza, vyote rangi ileile, vyote katikati ya skrini. Cha nne sikukisoma. Nitakuwa mkweli, sikumbuki hata kukiona. Mkono ulishajua njia.

4.
Nikavuta dawa. Niko pembeni ya kitanda, bomba la sindano mkononi, mama mkwe wa yule mgonjwa akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo si ile dawa iliyomvimbisha uso mwaka juzi?"

Nikaganda. "Bibi, dawa gani?"

"Sijui jina. Alichomwa, uso ukavimba, pumzi ikakata. Waliandika."

Waliandika kweli. Nilirudi kwenye kompyuta, nikafungua faili upya, visanduku vikaanza kupiga foleni tena. Safari hii nilisoma cha nne: mgonjwa ana mzio wa penisilini. Ampisilini ni ya ukoo huohuo. Dawa ikabadilishwa, mama akapasuliwa, mtoto akalia. Wote walirudi nyumbani kwao, na yule bibi akaniletea matunda damu wiki iliyofuata. Nilishindwa kuyala. Nilijua nani kaokoa maisha usiku ule, na hakuwa mimi wala kompyuta.

5.
Kosa ni langu pia, silikwepi. Chuoni tulifundishwa kumuuliza mgonjwa au ndugu zake kuhusu mzio kabla ya sindano yoyote, kompyuta iwepo isiwepo. Nilipaswa kuuliza. Tangu usiku ule nauliza hata kama mtu ananiona msumbufu.

Ila jiulize na hili. Onyo lilikuwepo. Aliyeandika mzio alifanya kazi yake, mfumo uliotunza ulifanya kazi yake, na kisanduku kilichomoza kwa wakati. Mbona halikufika kichwani kwangu? Kwa sababu lilikuja limevaa nguo zilezile za printa. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Yule ng'ombe ndo mimi. Nilishazoea kelele. Na siku chura alipotaka kuniambia kuna chatu kisimani, nikanywa tu.

6.
Asubuhi yake nilimfuata kijana wetu wa TEHAMA. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii programu yenu inakwama kila dakika."

Akacheka. "Sista, haijakwama. Inakusubiri."

Akanieleza, na nitajaribu kueleza alivyoeleza. Programu inafuata maagizo mstari kwa mstari, kama sisi tunavyofuata hatua za kufunga kidonda. Mwandishi wa programu akiweka amri ya kuonyesha kisanduku cha kawaida, programu inafika kwenye mstari ule inasimama. Haiendi wa pili mpaka ujibu. Kwake yeye mwandishi ni mstari mmoja tu wa kuandika, rahisi kuliko yote. Ndo maana vimejaa.

Mbaya zaidi, kisanduku kikichomoza kinanyakua kibodi. Ukiwa unaandika haraka ukagonga enta kwa ajili ya neno lako, ile enta inakwenda kwenye OK. Umejibu swali ambalo hujaliona. Na wakati mwingine kisanduku kinajificha nyuma ya dirisha jingine. Unabonyeza, hakuna kinachojibu, unadhani mashine imekufa. Mwenzangu mmoja alichomoa waya wa umeme kwa hasira. Vipimo vya joto na presha vya wodi nzima alivyokuwa hajahifadhi vikaenda na waya.

7.
Nikamuuliza, kwani hakuna namna nyingine? Akasema zipo, na si uchawi.

Ya kwanza, ujumbe unaandikwa kwenye mstari mwembamba chini ya skrini. Unauona ukitaka. Programu haisimami hata sekunde moja.

Ya pili, kikaratasi kinatokea pembeni, kona ya juu au ya chini, hakigusi kibodi. Unaendelea kuandika na chenyewe kipo.

Ya tatu, dirisha dogo linafunguka kando na kubaki wazi, lakini programu haijasimama kulingoja. Unaweza kulisogeza, ukamaliza kazi yako, ukalirudia.

Na nyuma ya zote unaweza kuweka orodha ya ujumbe, yenye alama ya kengele, ili kilichopita kisipotee. Ni kazi zaidi ya mstari mmoja, alikiri. Inabidi mwandishi afikirie programu itafanya nini wakati ujumbe upo hewani na mtu hajajibu. Lakini inafanyika, na inafanyika kila siku. Simu yako inafanya hivyo. Ujumbe ukiingia wakati unaongea na mama yako, simu haikati maongezi ikakuamuru usome kwanza.

8.
Wakunga wenzangu mtaniunga mkono hapa, maana sisi jambo hili tulilijua kabla ya kompyuta. Kumbuka patografu.

Kwa asiyejua: ni karatasi ya kufuatilia uchungu wa uzazi. Unachora njia ya uzazi inavyofunguka saa hadi saa. Mwaka 1972 madaktari wawili, Philpott na Castle, wakifanya kazi Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, waliongeza mistari miwili kwenye mchoro huo. Wa kwanza ni mstari wa tahadhari. Wa pili, saa 4 kulia kwake, ni mstari wa hatua.

Angalia akili iliyopo. Ukivuka mstari wa tahadhari, karatasi haikushiki mkono. Haisemi acha kila kitu. Inasema, mama huyu anachelewa, anza kufikiria safari. Walikuwa na wakunga wa vituo vya mbali akilini, ambao hospitali iko mbali nao. Sisi wa milimani hatuhitaji kuelezwa zile saa 4 ni za nini. Ni za kutafuta gari, kushuka barabara ya vumbi, na kuomba mvua isiwe imekata njia. Ukifika mstari wa hatua, hapo sasa hakuna mjadala. Simama, amua.

Mistari miwili, uzito tofauti, na hakuna anayeichanganya. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, na mistari ile haimo tena. Lakini wazo limebaki. Mwongozo mpya una safu nzima ya tahadhari, na kipimo kikiingia humo unakizungushia duara, kisha unafikiria la kufanya.

Na vitabu vya MTUHA je? Tunavilalamikia kwa wingi wa kurasa, na tuna haki. Ila kitabu cha MTUHA hakijawahi kufunga kurasa zake eti mpaka nikubali kwamba printa haipo.

9.
Najua kuna mtu ameshaanza kuandika chini: "Sista, ukiweka ujumbe pembeni hakuna atakayeusoma. Bora kusimamisha." Daktari mmoja rafiki yangu aliniambia hivyohivyo. Hoja yake ina uzito, na ina ushahidi.

Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa hospitali mbili za Philadelphia, Marekani, uliohusisha wahudumu 1,981. Walitaka kuzuia watu wasiandike pamoja warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ile tunayoiita Septrin, maana zikikutana mgonjwa anaweza kuvuja damu. Kundi moja liliwekewa kisanduku kigumu kinachozuia karibu kabisa. Kilifanya kazi. Maagizo yale hatari yaliyoachwa yalikuwa asilimia 57.2, wakati kwa kundi lisilo na kisanduku hicho yalikuwa asilimia 13.5.

Lakini soma mpaka mwisho. Wagonjwa 4 walicheleweshewa dawa waliyoihitaji kweli, kwa sababu kisanduku kilikuwa karibu hakina mlango. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake.

Kwa hiyo kusimamisha kuna nguvu, kama dawa kali. Na dawa kali hatugawi kwa kila anayekohoa.

10.
Upande wa pili nao una kisa chake. Mwaka 2013, kwenye hospitali kubwa ya San Francisco, kijana wa miaka 16 alipewa vidonge 38 na nusu vya Septrin hiyohiyo kwa mara moja. Alitakiwa apewe kimoja. Kompyuta ilitoa onyo kwa daktari, likarukwa. Ikatoa onyo kwa mfamasia, likarukwa. Muuguzi akafuata skrini, akampa. Kijana alipata degedege. Alipona, tumshukuru Mungu. Daktari Robert Wachter alikieleza kisa hicho kwenye kitabu chake cha mwaka 2015, na jambo lililonikaa kichwani ni hili: onyo la kuzidisha dawa karibu mara 39 halikutofautiana sana kwa sura na maonyo madogomadogo yaliyojaa kila siku.

Hospitali hiyohiyo, mwaka huohuo wa 2013, watafiti walihesabu kengele za mashine kwenye vitanda 77 vya wagonjwa mahututi. Walipata kengele za kusikika 187 kwa kila kitanda kwa siku. Hebu fikiria sikio lako likimaliza siku hiyo.

Wale wana kila kitu tunachokiota sisi, na bado ikatokea. Kumbe tatizo si umaskini wa vifaa. Ni kukosa kupanga kipi kizungumze kwa sauti gani.

11.
Ukipanda kutoka Mombo kuja Lushoto, kwenye kona za Soni dereva anapiga honi. Honi haisimamishi gari linalokuja. Inamwambia mwenzake, nipo, jihadhari, na magari yote mawili yanaendelea. Ila mvua za masika zikiangusha jiwe barabarani, hapo watu wanaweka matawi na gari linasimama. Sasa fikiria kila kona ingewekewa matawi. Abiria wa kwanza kushuka kuyaondoa angetazama kulia na kushoto. Wa kumi angeyarusha tu bila kutazama, siku jiwe lipo wangegonga.

Ndicho tulichofanya kwenye kompyuta zetu.

12.
Ninachotaka mimi ni hiki, nakiandika ili kijana yeyote anayetengeneza mifumo ya hospitali akipate:

– Printa, bima, nenosiri, mtandao: viende kwenye mstari wa chini. Visinisimamishe kamwe.

– Majibu ya maabara yamefika, dripu inakaribia kwisha, dozi ya saa 6 imekaribia: kikaratasi cha pembeni. Kisinyakue kibodi changu.

– Hicho cha pembeni kisipotee baada ya sekunde tano. Hapa ndipo watengenezaji wengi hawatuelewi. Wao wamekaa mbele ya skrini siku nzima. Sisi tunaandika mistari miwili, mgonjwa anaita, tunaondoka dakika ishirini. Tukirudi ujumbe umeshafutika. Kikaratasi kinisubiri bila kunisubirisha.

– Mzio, dozi iliyopitiliza, damu ya kundi lisilolingana: hapo nisimamishe. Nishike mkono kwa nguvu. Lakini kwa rangi nyingine, kwa Kiswahili, na vitufe viseme kitu. Si OK. Kimoja kiseme "Badilisha dawa", kingine "Endelea, na sababu ni hii", halafu niandike sababu kwa jina langu. Huo ndo mlango ambao Philadelphia ulikuwa karibu haupo.

– Na enta isiwe jibu la kisanduku cha hatari. Nilazimike kusogeza mausi na kuchagua.

– Ujumbe wote ubaki kwenye orodha, ili tunapokabidhiana zamu anayeingia asome kilichotokea usiku. Tunakabidhiana wagonjwa kwa mdomo na kwa daftari. Kompyuta nayo ikabidhi.

13.
Kuna watakaosema muuguzi wa diploma anajua nini kuhusu kutengeneza programu. Sijui kuandika hata mstari mmoja, kweli. Lakini mshonaji hunipima mimi kabla ya kukata kitambaa cha gauni langu. Kwenye mifumo, mara nyingi tunaletewa gauni limeshashonwa, tunapewa mafunzo ya siku mbili ya namna ya kulivaa, na likibana tunaambiwa tumenenepa.

Ombi langu kwa wanaoagiza na wanaotengeneza mifumo ni dogo. Kabla hamjaamua kipi kisimamishe kazi, njooni mkae nasi zamu moja ya usiku. Si mchana wa ukaguzi, wodi imedekiwa na viongozi wapo. Njooni saa 9 usiku, wauguzi wawili, vitanda vimejaa, umeme umetoka kukatika na kurudi. Hesabuni visanduku. Kila kimoja jiulizeni: hiki kingeniua nani kama kingekaa pembeni? Mkikosa jibu, kiwekeni pembeni.

14.
Na sisi wauguzi tuna sehemu yetu. Tukizoea kubonyeza bila kusoma, hata mfumo mzuri tutauharibu. Kisanduku kikikusumbua bure, usinyamaze. Kipige picha, hakikisha jina la mgonjwa halionekani, peleka kwa mtu wa TEHAMA, andika na saa. Mimi na yule kijana wetu tulianza hivyo. Alichoweza kukigusa yeye kilikuwa kidogo tu: ujumbe wa printa ukahamia chini, ule wa nenosiri ukawa unatokea mara moja kwa siku badala ya kila unapofungua faili. Vingine vilibidi viende kwa wenye mfumo, na vingine bado tunasubiri. Lakini visanduku vilivyopungua ni vile vile vilivyokuwa vikinifundisha mkono wangu kutosoma. Sasa kikichomoza kimoja katikati ya skrini, nasimama. Nasoma. Kisha naenda kumuuliza na bibi aliyekaa pembeni ya kitanda, maana yeye hana kitufe cha OK.

15.
Uzi umeisha. Wewe wa duka la dawa, wewe karani wa halmashauri, wewe unayekatisha tiketi stendi: kisanduku gani kinakusimamisha bure kila siku, na kuna siku kilikuficha jambo la maana? Niandikie hapo chini. Kesho nina zamu ya asubuhi, nitasoma nikirudi. Usiku mwema, na kama una mzio wa dawa yoyote, mwambie leo mtu mmoja wa nyumbani kwako jina la hiyo dawa.